Boa mpole: mwongozo kamili wa kumchagua, kumweka na kumlisha

Boa, nyoka asiye na sumu anayebana mawindo yake, akiwa anauma ovyo huwa na tatizo moja kati ya matatu: ana hofu, amedhani mkono ni chakula, au joto la kizimba chake halimfai. Tabia ya kuzaliwa nayo ina nafasi yake, na aina nyingine zimejaliwa upole kuliko wenzao, lakini hata boa mtulivu kabisa anaweza kuharibiwa kwa miezi michache ya malezi mabaya. Ndiyo maana uchaguzi ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine iko kwenye kipimajoto na kwenye ratiba ya chakula.

Mambo mawili yamalizwe kabla ya kununua. Kwanza, sheria. Familia nzima ya boa imo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wengi wako Kiambatisho cha II, na wachache, akiwemo boa wa Dumeril wa Madagaska, wako Kiambatisho cha I ambacho masharti yake ni makali zaidi. Ulizia kibali cha kumiliki nyoka mahali unapoishi, na dai karatasi zinazoonyesha mnyama alikotoka. Pili, muda. Boa anayetunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Mtoto wa shule anayemtaka leo atakuwa mtu mzima mwenye kazi, na boa bado yupo.

Aina ipi ni mpole kweli

Anayefugwa zaidi ni Boa imperator, ambaye asili yake ni kuanzia Meksiko, kupitia Amerika ya Kati, hadi kaskazini-magharibi mwa Amerika Kusini. Dume hufika mita 1.2 hadi 1.8, jike mita 1.8 hadi 2.4. Huyu ndiye tunayempendekeza kwa mtu anayetaka nyoka mkubwa kiasi asiyehangaisha. Ndani ya kundi hilo, boa wa visiwa vya Cayos Cochinos, Honduras, wana sifa ya muda mrefu ya udogo na utulivu. Kama unatishwa na ukubwa, chagua dume: hana tofauti kubwa ya tabia, ila anabaki na mwili ambao mtu mmoja anaumudu.

Boa constrictor wa Amerika Kusini naye ni mtulivu akishakua, lakini jike hufika mita 2.4 hadi 3 na uzito wa kilo 10 na kuzidi. Huyo si wa kuanzia.

Kwa nafasi ndogo kuna boa wa mchangani wa Afrika Mashariki, Eryx colubrinus, ambaye dume ni kama sentimita 40 na jike 60 hadi 80. Na kuna Lichanura, boa wa maeneo makame ya kusini-magharibi mwa Marekani na Meksiko, wa sentimita 60 hadi 90. Wote wawili ni wapole mkononi. Boa wa mchangani ana hila moja: hulala amejifukia, na akihisi mtikisiko juu ya mchanga anaweza kuruka kando akidhani mlo umefika. Mchote kutoka chini, usimshike kutoka juu.

Boa wa upinde wa mvua wa Brazili ni mzuri wa kutazama, magamba yake humeremeta rangi zote kwenye jua, lakini watoto wake huuma na hawavumilii ukavu: wanataka unyevu wa asilimia 80 au zaidi. Boa wa mitini wa jamii ya Corallus waache kabisa kama unachotafuta ni upole. Meno yao ya mbele ni marefu na hawasiti kuyatumia.

Jinsi ya kumkagua kabla ya kulipa

Nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, kamwe usinunue aliyekamatwa porini. Wa porini huja na minyoo, utitiri na hofu ambayo huenda isiishe.

Umri mzuri kwa anayetafuta upole si mtoto mchanga. Boa huzaliwa akiwa hai, urefu wa sentimita 35 hadi 50, na katika miezi ya kwanza kila kitu kikubwa kuliko yeye ni adui: hufoka na kurusha kichwa. Wengi hupoa wakikua, lakini huwezi kujua yupi. Boa wa miaka miwili au mitatu mwenye kumbukumbu za maandishi za kulishwa na kujivua gamba anakuonyesha tabia yake halisi. Ukiamua kuchukua mdogo, awe na angalau miezi minne na awe amekula milo sita mfululizo ya panya waliogandishwa bila kutapika hata mmoja.

Mwombe mfugaji amtoe nyoka mwenyewe huku wewe unatazama. Boa mwenye afya hushika mkono, mwili wake una nguvu, ulimi unatoka na kuingia polepole, na anatambaa bila papara. Anayefoka mara moja kisha akatulia hana neno. Anayening'inia kama kamba hana utulivu, ana ugonjwa. Sasa mkague kwa mpangilio:

1. Pua na mdomo. Pasiwe na mapovu, ute wala mlio wakati wa kupumua. Mdomo ufunge sawasawa.
2. Macho yawe angavu, au yote mawili yawe na ukungu wa samawati kama anakaribia kujivua gamba. Jicho moja lenye ukungu ni ganda lililobaki.
3. Kwenye mfereji ulio chini ya kidevu na kandokando ya macho tafuta utitiri, vidoa vyeusi vidogo kuliko kichwa cha pini. Pitisha karatasi nyeupe yenye maji mwilini mwake mwote. Vidoa vitabaki kwenye karatasi.
4. Tumbo lisiwe na magamba mekundu, ya kahawia au yenye malengelenge. Tundu la haja liwe kavu na safi.
5. Mgeuze taratibu alale chali kwenye kiganja. Boa mwenye afya hujigeuza mara moja. Anayechelewa, au anayeinua kichwa akiangalia juu bila sababu, usimchukue hata akitolewa bure.

Hatua ya tano inahusu ugonjwa unaofupishwa IBD (inclusion body disease), unaosababishwa na virusi vya kundi la reptarenavirus na usio na tiba. Ubaya wake ni kwamba boa anaweza kuubeba miaka mingi bila dalili yoyote. Daktari wa wanyama anayewajua reptilia anaweza kupima damu na ute wa koo. Kwa mtu mwenye nyoka wengine nyumbani, kipimo hicho si anasa.

Kizimba

Boa imperator mzima anahitaji nafasi ya sentimita 180 kwa 60 na kimo cha 60. Dume mdogo atatosheka na 120 kwa 60. Mtoto mweke kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 40, au mpe kikubwa lakini ukijaze maficho, majani bandia na matawi. Kinachomtisha mtoto ni uwazi, si upana. Maficho yawe mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, na yambane kiasi kwamba mwili uguse kuta. Ukiweka ficho moja tu upande wa baridi, atachagua usalama na kuacha joto, kisha chakula kitamshinda kusaga. Weka pia tawi imara la unene wa mkono au ubao wa kupumzikia, kwa sababu boa wadogo hupenda kupanda.

Matandiko mazuri ni vipande vya makumbi ya nazi, kina cha sentimita 5 hadi 8. Karatasi nyeupe inafaa wakati wa karantini kwa kuwa inaonyesha kila kitu. Maranda ya mwerezi na ya msonobari yaepukwe. Mafuta yake yanaudhi mapafu. Boa wa mchangani apewe kina cha sentimita 8 hadi 10 ajifukie.

Mlango uwe na kufuli. Boa ana subira na shingo yenye nguvu, na usiku wa kwanza ataupima kila mwanya kwa pua.

Joto na unyevu

Hapa ndipo pa kutumia fedha kabla ya kununua mapambo. Nyoka hawezi kutengeneza joto lake. Anasaga chakula, anapigana na vijidudu na anatulia kwa kadiri ya joto unalompa. Kwa Boa imperator, upande wa joto uwe nyuzi 29 hadi 31, mahali pa kuota pafike 32, upande wa baridi 24 hadi 27. Usiku unaweza kushuka hadi 24 bila madhara. Ikizidi 34 kizimba chote bila pa kukimbilia, unamuua.

Kila chombo cha joto lazima kipitie kidhibiti joto. Hili halina mjadala. Balbu au mkeka usio na kidhibiti hauna habari kama chumba kimepata joto mchana, na nyoka huungua vibaya kwa sababu hukaa juu ya kitu cha moto bila kushtuka mapema. Kihisi cha kidhibiti, ule waya wenye ncha, kifungwe imara mahali nyoka anapolala. Kikilegea kikaangukia upande wa baridi, au kikikojolewa na kubaki na maji, kitasoma baridi na kuamuru joto zaidi na zaidi. Makosa mengi ya kuungua huanzia hapo, wala si kwenye balbu.

Kwa boa mkubwa, paneli ya joto iliyofungwa darini ni bora kuliko mkeka wa chini, kwa kuwa mkeka hupasha sakafu na kuiacha hewa na baridi yake. Ukitumia balbu ndani ya kizimba, izungushie wavu ambao boa hawezi kujizungusha. Pima kwa vipimajoto viwili vya kidijitali, kila upande kimoja. Vile vya mshale vinavyobandikwa ukutani hudanganya. Taa iwake kwa muda wa saa 12 na izimwe kwa muda wa saa 12. Miale dhaifu ya urujuanimno (UVB) si lazima, lakini haidhuru ikiwa ana kivuli cha kutosha.

Unyevu uwe asilimia 55 hadi 65, na upandishwe hadi 75 anapokaribia kujivua gamba. Ukikuta asilimia 40, panua bakuli la maji, lisogeze karibu na upande wa joto, mwagilia kona za matandiko badala ya kunyunyiza juu, na ziba nusu ya matundu ya juu. Unyevu unaotakiwa ni wa hewa. Sakafu iliyolowa muda wote huozesha magamba ya tumbo. Kwa Lichanura na boa wa mchangani mambo ni kinyume: wanataka ukavu, bakuli dogo la maji na hewa inayopita.

Umeme ukikatika, usimlishe. Boa mzima mwenye tumbo tupu huvumilia siku moja au mbili za nyuzi 21. Aliyekula karibuni ndiye wa kuhofiwa: funika kizimba kwa blanketi na uweke ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo.

Chakula: kidogo na kwa nafasi

Boa husaga polepole kuliko nyoka wengi wanaofugwa, na wafugaji wengi wapya humlisha kupita kiasi kwa sababu kila akipewa anakula. Kukubali chakula si ushahidi wa njaa ya mwili.

Tumia mizani ya jikoni. Boa mdogo wa gramu 60 anatosheka na kipanya cha gramu 6, yaani asilimia 10 ya uzito wake, kila baada ya siku 10 hadi 14. Akifika mwaka mmoja, nafasi iwe siku 14 hadi 21 na mlo upungue kidogo kwa asilimia. Mzima anakula kila baada ya wiki 4 hadi 6: jike wa kilo 6 apewe panya mmoja wa gramu 250 hadi 300, basi. Donge linaloonekana baada ya mlo liwe dogo, au lisionekane kabisa.

Mtazame kwa ubavu, kisha fikiria umbo lake kama angekatwa katikati. Boa mwenye afya ana umbo la mkate wa boflo: pande zimejaa misuli, juu pamebapa kidogo. Akiwa duara kamili, ngozi inaonekana katikati ya magamba hata akiwa amenyooka, na mikunjo imejitokeza karibu na mkia, amenenepa, na mafuta hayo huingia kwenye ini na moyo. Uti ukichomoza kama ukuta, amekonda.

Lisha panya waliogandishwa. Panya hai huuma, na boa amewahi kutolewa macho kwa njia hiyo. Utaratibu ni huu:

1. Hamisha panya kutoka kwenye friza hadi kwenye jokofu usiku mzima, akiwa ndani ya mfuko uliofungwa.
2. Mwache kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20 hadi 30, akiwa bado ndani ya mfuko. Usitumie maikrowevu: ndani huiva, ngozi hupasuka.
3. Bonyeza tumbo la panya kuhakikisha hakuna barafu katikati. Barafu tumboni ni sababu ya kawaida ya kutapika.
4. Ongeza maji ya moto mwishoni hadi mwili wa panya ufike karibu nyuzi 38 hadi 40. Boa imperator hana yale matundu ya joto yanayoonekana midomoni mwa chatu, lakini magamba yake ya mdomo huhisi joto.
5. Mkaushe, mshike kwa koleo ya sentimita 30 au zaidi, na umpitishe polepole mbele ya ficho. Akimkamata, achia na uondoke.

Mlishie ndani ya kizimba chake. Kumhamishia kwenye sanduku la kulia kunamchanganya, na kumrudisha akiwa bado na hamu ya kula ndiko kunakozaa majeraha. Baada ya mlo, saa 72 bila kumshika.

Akitapika, tatizo si mlo uliopotea bali asidi na vijidudu vya tumbo vilivyotoka pamoja nao. Ukimlisha tena siku ya pili kwa huruma, atatapika tena, na mara ya tatu huenda akafa. Ondoa uchafu, hakikisha joto, mpe maji tu kwa siku 14 kamili, kisha anza na mlo wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika mara ya pili, nenda kwa daktari na uchukue kilichotapikwa.

Kumzoesha mikono

Wiki mbili za kwanza usimguse. Badilisha maji, ondoa uchafu, ondoka. Akishakula mara mbili bila shida, anza.

Kila mara kabla ya kumtoa, mguse ubavuni kwa ndoano ya nyoka au kwa karatasi iliyoviringishwa. Mguso huo unamwambia kuwa huu si muda wa chakula, na boa wengi hulegeza shingo papo hapo. Osha mikono kwanza kama umeshika panya au hata paka. Kisha ingiza mikono miwili kutoka ubavuni, mmoja theluthi ya kwanza ya mwili na mwingine theluthi ya mwisho, na umwinue bila kusita. Mkono unaokwenda na kurudi ndio unaoumwa. Mwache atambae kutoka kiganja hadi kiganja dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa wiki. Ukimrudisha kila anapofoka, amejifunza kuwa kufoka kunalipa; subiri atulie hata kwa nusu dakika, ndipo umrudishe.

Akiwa na macho ya ukungu, mwache. Haoni vizuri, na aliyefanywa mkali siku hizo huchukua wiki kusahau.

Usimvishe shingoni, hata kwa picha. Boa hubana kwa kukatiza mzunguko wa damu, jambo lililothibitishwa kwa vipimo katika utafiti uliochapishwa 2015, na hilo ni jambo la haraka. Nyoka wa mita 1.8 na kuzidi ashikwe kukiwa na mtu mzima wa pili. Akijizungusha mkononi, mfungue kuanzia mkiani. Kuanzia kichwani kunamfanya akaze. Akiuma na kung'ang'ania, usivute, kwa kuwa meno yamepinda kwa ndani na utajichana mwenyewe. Mwagia kichwa maji baridi au dondoshea spiriti kidogo pembeni mwa mdomo, ataachia. Boa hana sumu, lakini jeraha lioshwe kwa sabuni na likaguliwe kama kuna jino lililobaki.

Mikono ioshwe baada ya kila mguso, kwa sababu ya salmonela. Watoto wa chini ya miaka mitano na mtu mwenye kinga dhaifu wasimshike kabisa.

Yanayoharibika

Gamba likitoka vipande vipande, unyevu ulikuwa mdogo. Mweke kwenye chombo chenye maji ya nyuzi 28 hadi 30, kina kisichozidi nusu ya unene wa mwili wake, kwa dakika 20, kisha mpitishe ndani ya taulo lenye maji ajisugue. Ganda la jicho usilibandue kwa kibano. Likibaki baada ya gamba linalofuata, ni kazi ya daktari.

Kupumua kwa mdomo wazi na mapovu puani ni homa ya mapafu, na karibu kila mara nyuma yake kuna baridi au sakafu iliyolowa. Rekebisha joto siku hiyo hiyo, lakini usidhani joto litatosha. Anahitaji dawa ya kuua bakteria iliyopimwa kwa uzito wake.

Utitiri huhama kwa mikono na nguo. Ukiuona, toa matandiko yote, weka karatasi, safisha kila mwanya kwa maji ya moto, na umpe dawa iliyoandikwa na daktari. Mayai hayako kwenye nyoka, yako kwenye nyufa za kizimba, kwa hiyo rudia kwa wiki nne hata kama huoni kitu. Dawa ya kupulizia mende na mbu inaweza kumuua boa kabla ya kumaliza utitiri. Nyoka mpya akae chumba tofauti miezi mitatu hadi sita, awe na koleo na ndoano zake, na ahudumiwe wa mwisho.

Dume mzima anaweza kukataa chakula miezi miwili au mitatu msimu wa baridi, kwa sababu mawazo yake yako kwenye kujamiiana. Usimbadilishie panya kila wiki wala usimlazimishe. Mpime kila baada ya siku 14: uzito ukipungua kwa chini ya asilimia 10 tangu alipoacha kula, endelea kumpa maji na kumjaribu mara moja kwa mwezi, ukizidi hapo, mpeleke kwa daktari pamoja na daftari la uzito na milo.